Usafiri wa mabasi Dar es Salaam: daladala, mwendokasi na hesabu ya siku

Ingawa makao makuu ya serikali ya Tanzania yamehamia Dodoma, Dar es Salaam imebaki kuwa mji mkubwa kuliko yote nchini humo na mlango wa bahari kwa nchi kadhaa zisizo na pwani. Kwa wananchi wa Burundi, mji huo ni zaidi ya mji wa jirani. Sehemu kubwa ya shehena inayoingia nchini kutoka ng'ambo hupitia bandari yake. Wafanyabiashara wa Bujumbura, Rumonge na Makamba hufuata nguo, vitenge, simu na vipuri katika maduka ya Kariakoo. Wapo pia wanaokwenda kusoma, kutibiwa, au kuwazuru ndugu waliohamia huko zamani.

Kila mmoja wao, akishashuka kwenye basi la masafa marefu, hukabiliwa na jambo lilelile linalowakabili wenyeji kila alfajiri: namna ya kufika anakokwenda kwa nauli anayoimudu na kwa muda usiomharibia siku. Makala haya yanaeleza jinsi usafiri wa mabasi ya mjini Dar es Salaam ulivyopangwa, ulikotoka, na mambo ambayo msafiri anapaswa kuyafahamu kabla hajapanda.

Mkono na vidole vyake

Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu wakazi 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta wamefikia 5,383,728. Katika muda wa miaka 10 waliongezeka watu zaidi ya milioni moja, na wengi wao hawakupata makazi katikati ya mji, bali pembezoni, ambako viwanja bado vilikuwa na bei nafuu. Kazi, masoko, ofisi na hospitali kubwa zilibaki zaidi upande wa bahari. Kwa hiyo kila asubuhi umati mkubwa huelekea upande mmoja, na kila jioni hurudi kwa njia ileile.

Umbo la mji huo hufahamika kwa urahisi ukifananishwa na mkono. Kiganja ni eneo la Posta, Kivukoni na Kariakoo, karibu na bandari. Vidole ni barabara nne kuu zinazotoka hapo. Barabara ya Bagamoyo huelekea kaskazini kupitia Mwenge na Tegeta hadi Bunju. Barabara ya Morogoro huelekea magharibi kupitia Magomeni, Ubungo na Kimara hadi Mbezi, kisha huendelea kwenda Kibaha na mikoani. Barabara ya Nyerere, ambayo wazee bado huiita Barabara ya Pugu, hupita uwanja wa ndege na kufika Gongo la Mboto. Barabara ya Kilwa huelekea kusini, Mbagala na mbele yake. Barabara ya Mandela ndiyo inayovikata vidole hivyo, ikiiunganisha bandari na Ubungo kupitia TAZARA na Buguruni.

Msafiri anayelishika umbo hili hatapotea kwa urahisi. Akiambiwa kwamba ndugu yake anakaa Tandika, Tabata au Sinza, jambo la kwanza la kuuliza ni mtaa huo uko upande wa kidole kipi. Jibu la swali hilo ndilo linalomwambia apande gari gani na ashukie wapi ili kubadilisha.

Kutoka DMT hadi daladala

Usafiri wa mabasi wa mjini Dar es Salaam una historia ndefu. Mwaka 1949 ilianzishwa kampuni iliyojulikana kwa kifupi kama DMT, iliyokuwa na haki ya kuwabeba abiria wa mjini. Baada ya Azimio la Arusha serikali iliitaifisha kampuni hiyo, mwaka 1970. Mwaka 1974 iligawanywa sehemu mbili: Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, lililowabeba abiria wa mjini, na Kampuni ya Taifa ya Mabasi, yaani KAMATA, iliyowabeba wa mikoani.

Kwa miaka kadhaa UDA lilikuwa ndilo basi la kila mtu. Hata hivyo, nchi ilipokumbwa na uhaba wa fedha za kigeni mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, vipuri na matairi yakawa adimu. Mabasi yaliyoharibika yalikaa karakanani, na foleni za abiria zikarefuka vituoni. Watu binafsi wenye magari walianza kubeba abiria kinyume cha sheria, wakikimbizana na polisi, huku wananchi wakiwaficha kwa kuwa walikuwa wakiwahitaji.

Mwaka 1983 serikali ilikubali kwamba shirika la umma peke yake haliwezi kuubeba mji, ikaruhusu magari ya watu binafsi. Nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano iliitwa dala. Makonda wakawa wanapaza sauti "dala, dala" kuwaita abiria, na sauti hiyo ikageuka kuwa jina la gari lenyewe. Katika miaka hiyo kulikuwa pia na magari madogo yaliyofungwa mabenchi ya mbao, ambamo abiria waliketi wakitazamana kama walio kwenye mgahawa. Watu waliyaita chai maharage.

Soko la magari lilipofunguliwa zaidi, mabasi madogo yaliyokwisha kutumika huko Japani yaliingia kwa wingi. Hiace, ambazo wakazi wa mji huo walizipachika jina la vipanya, zilienea mitaani, kisha taratibu zikaachia nafasi mabasi makubwa zaidi ya aina ya Coaster na mengine ya kiasi hicho katika njia nyingi zinazoingia katikati ya mji. Jukumu la kutoa leseni, kupanga njia na kuweka viwango vya nauli lilikuwa la SUMATRA hadi mwaka 2019, lilipokabidhiwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA.

Namna daladala inavyosomwa

Kwa mgeni, kituo chenye daladala nyingi huonekana kama vurugu tupu. Kwa mwenyeji, kila gari linajieleza. Mbele yake huandikwa majina ya vituo viwili, cha kuanzia na cha kuishia, kwa mfano Mbagala Rangi Tatu na Kariakoo, au Gongo la Mboto na Mwenge. Mara nyingi huongezwa jina la barabara ambayo gari hupita, kwa kuwa mahali pamoja huweza kufikiwa kwa njia mbili. Ubavuni hupakwa mstari wa rangi unaoitambulisha njia hiyo. Mtu asiyejua kusoma huweza kulijua gari lake kwa rangi tu, tangu likiwa mbali.

Ndani ya gari kuna watu wawili wa kazi. Dereva hushika usukani, na konda husimama mlangoni, huita abiria, hukusanya nauli na hutoa ishara ya kusimama au kuondoka kwa kugonga bodi ya gari kwa kiganja au kwa sarafu. Abiria anayetaka kushuka hana kengele ya kubonyeza. Humwambia konda mapema, "Shusha kituoni," kabla gari halijapita. Nauli haitolewi mlangoni wakati wa kupanda, bali konda huipitia baadaye, safari ikiwa imekwisha anza. Mwenye noti kubwa hufanya vyema kuivunja kabla ya safari, kwani chenji ni chanzo cha ugomvi mwingi, hasa asubuhi.

Nje ya gari, kwenye vituo vikubwa, wapo wapiga debe. Hawa hawakuajiriwa na mwenye gari. Kazi yao ni kupaza sauti, kutaja gari linakokwenda na kulijaza, kisha konda huwapa chochote. Wengi huwasaidia wageni kwa nia njema. Lakini msafiri mwenye mizigo asimkabidhi mtu begi lake kwa sababu tu ameahidiwa kuonyeshwa gari. Ni bora kumwuliza abiria mwingine, hasa mama mwenye kikapu au mzee, kwa kuanza na salamu: "Shikamoo mama, magari ya Temeke yanasimama wapi?" Katika mji huo salamu hufungua njia kuliko noti.

Nauli hupangwa na LATRA kwa kufuata umbali. Kwa viwango vilivyoanza kutumika Desemba 2023, mtu mzima hulipa shilingi 600 kwa safari isiyozidi kilomita 10, kutoka shilingi 500 za awali, na kiasi hicho hupanda kadiri njia inavyorefuka. Mwanafunzi hulipa shilingi 200. Viwango hubadilika bei ya mafuta inapobadilika, kwa hiyo busara ni kuwauliza abiria wenzako kabla konda hajafika, si kubishana naye baadaye.

Hesabu ya tajiri

Malalamiko dhidi ya daladala ni ya siku nyingi: mwendo wa kasi, kujaza watu kupita kiasi, lugha kali, na kukatisha ruti, yaani kugeuza gari njiani kabla ya kufika mwisho wa safari na kuwashusha abiria ambao tayari wamelipa. Si rahisi kuyaelewa mambo haya bila kuelewa namna fedha inavyozunguka ndani ya gari lenyewe.

Daladala nyingi haziendeshwi na wenye mali. Mwenye gari, ambaye wafanyakazi humwita tajiri, humkabidhi dereva gari asubuhi na humtaka arudishe kiasi maalumu cha fedha jioni. Kiasi hicho huitwa hesabu. Mafuta hununuliwa na dereva. Faini ya trafiki, mara nyingi, humwangukia dereva. Kinachobaki baada ya hesabu, mafuta na gharama za njiani ndicho dereva na konda wanachogawana, na siku nyingine hakibaki kitu. Wengi hufanya kazi bila mkataba wa maandishi, ijapokuwa sheria inautaka. Nyuma yao wapo wengine wasio na gari lolote la kudumu, waitwao deiwaka, wanaompokea dereva aliyechoka kwa saa chache ili nao wapate cha kupeleka nyumbani.

Kwa hiyo gari linapokimbia kulipita jingine ili kulitangulia kituoni, au linapokaa kituoni dakika 20 likisubiri lijae, nyuma ya mambo hayo yanayopingana kuna sababu moja. Asubuhi na jioni, abiria wanapokuwa wengi, kasi ndiyo inayoleta fedha. Mchana, abiria wanapopungua, kusubiri ndiko kunakookoa mafuta. Na foleni inapoziba barabara, dereva huona heri akatishe ruti, arudi upande wenye abiria, kuliko kupoteza saa nzima kwa nauli ambazo konda amekwisha kuzikusanya. Abiria aliyeshushwa njiani ana haki ya kudai arudishiwe nauli yake au apandishwe gari jingine, na LATRA hupokea malalamiko ya aina hiyo. Namba ya gari ndiyo ushahidi wa kwanza. Anayeinakili huwa na nguvu kuliko anayepiga kelele.

Mtoto aliyeachwa kituoni

Utaratibu huo wa hesabu huwaumiza zaidi watu wasio na sauti, nao ni wanafunzi. Sheria inamtaka konda ampokee mwanafunzi aliyevaa sare kwa nauli ya shilingi 200. Lakini mwanafunzi huchukua nafasi ambayo mtu mzima angeilipia mara tatu. Tajiri hapunguzi hesabu kwa sababu gari limebeba watoto, wala serikali haimlipi dereva tofauti ya nauli. Punguzo lililowekwa kwa manufaa ya umma, kwa hiyo, hulipwa na mfuko wa watu wawili walio maskini kama wazazi wa mtoto mwenyewe.

Matokeo yake huonekana vituoni kila alfajiri. Watoto wenye sare husukumwa mlangoni, huambiwa wasubiri gari la nyuma, au hukubaliwa wawili watatu kisha mlango ukafungwa. Wanaokaa mbali hulazimika kuamka usiku ili wawahi kipindi cha kwanza, na huchelewa kurudi nyumbani giza likiwa limeingia. Viongozi mbalimbali wametoa maagizo, na makonda wanaowakataa wanafunzi wamekuwa wakitozwa faini. Faini humtisha konda siku hiyo, lakini haiigusi hesabu inayomngoja jioni. Wazazi wengi wenye uwezo kidogo wamekimbilia mabasi ya shule. Wasio na uwezo bado wanategemea moyo wa konda.

Mwendokasi

Jibu kubwa la serikali kwa matatizo ya usafiri wa mji lilikuwa mradi wa mabasi yaendayo haraka, unaojulikana kwa jina la mwendokasi. Wakala wa kuusimamia, DART, ulianzishwa mwaka 2007. Ujenzi wa awamu ya kwanza ulianza mwaka 2012, mabasi yalianza kubeba abiria Mei 2016, na Rais John Magufuli aliizindua rasmi awamu hiyo Januari 2017. Mwaka uliofuata Dar es Salaam ilipokea tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, ikiwa mji wa kwanza wa Afrika kuipata.

Tofauti ya mwendokasi na daladala iko katika mambo matatu. Kwanza, basi lina njia yake lenyewe katikati ya barabara, iliyotengwa na magari mengine, hivyo halikai katika foleni. Pili, nauli hulipwa kituoni kabla ya kupanda, dirishani au kwa kadi, na abiria hupita kwenye geti. Ndani ya basi hakuna konda. Tatu, sakafu ya kituo iko sawa na sakafu ya basi, jambo linalowasaidia wazee, wajawazito na wenye viti vya magurudumu. Mabasi marefu, ya mita 18, yana kiungo katikati. Ilipoanza, safari ya njia kuu ilitozwa shilingi 650. Tangu hapo nauli imepanda.

Njia ya awamu ya kwanza ina urefu wa karibu kilomita 21. Inaanzia Kimara, hufuata Barabara ya Morogoro kupitia Ubungo, Shekilango, Manzese, Magomeni, Jangwani, Fire na Posta ya Zamani, na huishia Kivukoni, mkabala na kivuko cha Kigamboni. Ina matawi mawili ambayo mgeni anapaswa kuyakumbuka. Penye Magomeni, tawi moja hufuata Barabara ya Kawawa hadi Morocco, huko Kinondoni. Penye Fire, tawi jingine huingia Mtaa wa Msimbazi hadi Gerezani, Kariakoo. Kwa sababu hiyo, kupanda basi la mwendokasi Kimara hakutoshi. Ni lazima kutazama maandishi ya mbele au kusikiliza tangazo, kujua kama basi ni la Kivukoni, la Gerezani au la Morocco. Aidha, baadhi ya mabasi husimama kila kituo, na mengine huruka vituo vya katikati.

Awamu ya pili, yenye zaidi ya kilomita 20, inafuata Barabara ya Kilwa hadi Mbagala. Ya tatu imepangwa kufuata Barabara ya Nyerere kuelekea Gongo la Mboto, na ya nne Barabara ya Bagamoyo. Mpango mzima una awamu sita, ambazo zikikamilika zitakuwa zimevifuata vidole vyote vya ule mkono na kuviunganisha.

Barabara ipo, basi liko wapi

Wahenga walisema kwenda mbio si kufika, na wakazi wa Kimara na Mbezi wanaijua maana ya maneno hayo. Katika siku za mwanzo mwendokasi ulipunguza safari iliyokuwa ikila saa mbili au zaidi hadi chini ya saa moja. Lakini mpango wa awamu ya kwanza ulikuwa na mabasi 305, ilhali huduma ilianza na mabasi 140. Kadiri abiria walivyozidi na mabasi yalivyochakaa, vituo vilijaa. Asubuhi, basi tupu linapofika Kimara, watu huligombania, wengine wakipenya madirishani. Wagonjwa na wenye watoto migongoni hubaki nyuma. Njia ya Mbagala nayo ilikuwa imekamilika kwa muda mrefu ikiwa haina mabasi ya kupita juu yake, huku daladala zikisongamana pembeni.

Kwa mkazi, uchungu wa hali hiyo una sababu ya pekee. Mwendokasi ulipoanza, daladala za njia ya Kimara ziliondolewa katika barabara hiyo na kupelekwa njia nyingine, ili zisishindane nao. Basi la haraka linapokosekana, abiria wa hapo hana gari la zamani la kukimbilia. Hubaki na bodaboda au bajaji, ambazo nauli yake kwa mwendo huo ni kubwa mno kwa mtu wa kipato cha kila siku.

Tatizo la pili ni maji. Njia ya Morogoro huvuka bonde la mto Msimbazi mahali paitwapo Jangwani, na karakana ya mabasi ilijengwa kandokando ya bonde hilohilo. Masika yanapokuwa makali, mto hufurika, barabara hufungwa, na huduma husimama kati ya Magomeni na Fire. Mwaka 2018 mafuriko yaliyaharibu mabasi kadhaa yaliyokuwa karakanani. Mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi, unaogharimiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia, unahusisha daraja jipya refu hapo Jangwani. Mpaka litakapozoeleka, msafiri wa mwezi Machi, Aprili au Mei anapaswa kuulizia hali ya Jangwani kabla ya kuondoka.

Anayeshuka Mbezi

Mabasi ya mikoani na ya nchi jirani, pamoja na yale yanayowaleta wasafiri waliovuka mpaka wa Kobero na Kabanga au waliopitia Kigoma, hayafiki tena Ubungo kama zamani. Tangu mwaka 2021 yanaishia Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, magharibi mwa mji. Kituo hicho kiko zaidi ya kilomita 20 kutoka Kariakoo, na wageni wengi hudhani wamekwisha fika, kumbe safari ya mjini ndiyo kwanza inaanza.

Aliyefika usiku wa manane hana haraka ya kutoka. Ndani ya kituo kuna mahali pa kukaa, chakula na walinzi, na pambazuko huja na magari. Kukikucha, njia ni tatu. Ya kwanza ni kupanda daladala barabarani nje ya kituo, kulingana na upande anakokwenda: ziko zinazopitia Ubungo kuelekea Mawasiliano na Makumbusho, na nyingine zinazokata kupitia Barabara ya Mandela kwenda Buguruni, Temeke na Mbagala. Ya pili ni kwenda Kimara na kuingia katika mwendokasi kuelekea Gerezani au Kivukoni. Njia hii inamfaa asiye na mzigo mkubwa, kwani furushi na boksi ni taabu ndani ya basi lililojaa. Ya tatu ni bajaji au teksi, kwa watu watatu wanne wanaochangia nauli; hapo bei hukubaliwa kabla ya kuingia, au huitishwa kwa simu kupitia programu.

Mfanyabiashara anayerudi na bidhaa afahamu kwamba konda wa daladala hudai nauli ya mzigo, na kwamba haina kiwango kinachojulikana. Hujadiliwa chini, kabla mzigo haujapakiwa. Wengi waliozoea huacha bidhaa nzito kwa wasafirishaji wa Kariakoo wanaozipeleka moja kwa moja kwenye basi la mikoani, nao husafiri mikono mitupu.

Saa ya kusafiri ni nusu ya safari yenyewe. Kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3, magari yote yanayoingia mjini huwa yamejaa. Kuanzia saa 10 jioni hadi saa 2 usiku hujaa yanayotoka. Anayeelekea kinyume cha umati hukaa kwa raha. Mwenye miadi hospitalini au ubalozini aongeze saa moja juu ya muda anaoambiwa. Simu na fedha ziwe mfuko wa mbele, na asiyekaa dirishani asiitoe simu gari likiwa limesimama kwenye foleni.

Kuvuka kwenda Kigamboni

Upande wa kusini-mashariki, ng'ambo ya mlango wa bandari, ni Kigamboni. Msafiri anayeshukia Kivukoni hutembea hatua chache hadi Magogoni na kupanda kivuko, ambacho wenyeji hukiita pantoni, kwa nauli ya shilingi 200. Akishavuka hukuta daladala nyingine zinazosambaa hadi vijiji vya pwani. Pantoni inapokuwa katika matengenezo, foleni hurefuka sana. Njia ya pili ni Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lililofunguliwa Aprili 2016 na kuiunganisha Kurasini na Kigamboni.

Funzo kwa miji ya jirani

Miji mingine ya Afrika Mashariki na Kati inakua kwa mwendo unaofanana na huo, na Bujumbura ni mojawapo. Yaliyotokea Dar es Salaam yanaonyesha kwamba shirika la umma lisilo na vipuri humwacha abiria kituoni, na kwamba magari ya watu binafsi, yakiachiwa hesabu ya siku iwe ndiyo sheria yake, humbeba abiria lakini humwacha mtoto wa shule. Yanaonyesha pia kwamba barabara nzuri haibebi mtu. Basi ndilo linalobeba, na basi linahitaji matengenezo, mafuta na mtu anayelipwa mshahara unaojulikana.

Daladala, pamoja na lawama zake zote, zimeubeba mji huo kwa zaidi ya miaka 40, bila ruzuku na mara nyingi bila shukrani. Mwendokasi umeonyesha kwamba mtu wa Kimara anaweza kufika kazini bila kupoteza nusu ya asubuhi, mradi basi lije. Kwa sasa mkazi wa Dar es Salaam huvitumia vyote viwili, na mgeni anayefuata mfano wake, akiuliza kwa salamu, akibeba noti ndogo na kuondoka mapema, atafika.